Beseni la Mama na Simu ya Dorah

Mama yangu, Euphrasia, anauza uji kwenye karasha la kusagia mawe ya dhahabu, Kalangalala. Mtu akiugua mtaani, Mama hujifunga kanga, anachukua beseni la bluu na kuwazungukia wachimbaji na wenye maduka kuomba mchango. Liaquat wa duka la vipuri humwekea noti hata kabla hajaongea. Mimi nabeba hilo beseni tangu nilipoacha shule, darasa la tano.

Marcel, mtoto wa jirani, aliungua mkono kwa mafuta ya maandazi. Vidole vikashikana. Hospitali ya Kolandoto wakasema asipopasuliwa mapema havitafunguka. Tulizunguka siku mbili, pesa hazikufika hata nusu.

Dorah, rika langu, akamrekodi Marcel, akaweka video Facebook na namba ya kuchangia. Kufika jioni alishatupita.

"Mama, siku hizi miguu ya nini?" akasema.

Mama akacheka. Mama Marcel akamkumbatia Dorah. Mimi niliyechomwa na jua hakuniona.

Kesho yake michango ikakata. Mtu aliandika chini ya video: "Namba inaleta jina la Masudi. Masudi ndiye nani? Matapeli hawa." Wengine wakadakia.

Mimi nilijua. Laini ni ya shemeji yake, maana Dorah hana kitambulisho. Jina nililiona siku ya kwanza, nilipotuma buku langu, elfu moja. Nikanyamaza. Nilitaka aumbuke kidogo tu.

Dorah akaja, macho yamevimba. "Shikamoo mama. Wananiita mwizi."

"Marahaba. Na mkono wa mtoto, inakuwaje?"

Hapo ndipo nilipoona aibu. Nikasema, "Mama, wewe wanakujua. Shika beseni, uwaambie Masudi ni nani."

"Kumbe una mdomo," Dorah akasema, akanipa simu nirekodi.

"Mimi Euphrasia wa uji," Mama akasema. "Masudi ni shemeji yake Dorah, laini ni yake. Anayeogopa simu aje aweke humu."

Liaquat aliisambaza hiyo video. Wachimbaji waliohamia Buseresere wakaandika, "Huyu mama tumekunywa uji wake." Simu ikaanza kulia tena, michango inaingia.

Marcel alipasuliwa. Juzi alishika kikombe kwa mkono uleule. Mama yake akamtazama mwanawe, akasema, "Dorah, Mungu akupe maisha marefu."

Dorah hakuwepo. Nilikuwepo mimi. Nikamwongezea mtoto uji.