Chungu Kisichooshwa

Juzi nilikuwa Temeke, nikapishana na mama mmoja amejitwika ndoo ya unga wa mchele uliochachuka. Harufu ile, ndugu yangu! Miguu ilisimama yenyewe. Nikajiona nina miaka tisa, nimechuchumaa jikoni kwa Bibi.

Bibi alikuwa mpika vitumbua. Jioni tulitwanga mchele, alfajiri nikaamshwa na shiii ya mafuta na harufu ya iliki. Lakini roho ya kazi ilikuwa kwenye chungu kidogo nyuma ya mlango. Kila siku, kabla ya kupika, alichota upawa mmoja wa unga uliokwisha kuumuka, akautia humo, akauongezea unga mpya na maji. Hiyo ndiyo chachu yake. Alipewa na mama yake siku alipoolewa, na chungu kile hakikuoshwa ndani hata mara moja. Kilifutwa mdomo tu.

Jirani akiomba, alipewa. Alipewa hata mke wa karani, mgeni kutoka bara aliyehamia nyumba ya pili. Wiki haikuisha, Bibi akamkuta anaikoroga kwa unga wa ulezi, apikie uji.

"Jamani! Nimekupa mtoto wa mchele, wewe unamlisha ulezi?"

"Bibi, si anakula? Tazama alivyonenepa!"

Bibi hakucheka. Wakanuniana miezi na miezi.

Basi siku mbili kabla ya mfungo wa Ramadhani, mwalimu wetu shuleni akatufundisha usafi wa vyombo. Nilirudi nyumbani na ari mpya! Bibi yuko kisimani, mie nikatoa vyombo vyote uani, nikavisugua kwa jivu na makumbi ya nazi. Chungu cha nyuma ya mlango kilikuwa kichafu kuliko vyote. Nilikimwaga, nikakisugua mpaka kikang'aa, nikakianika juani, nikamsubiri Bibi anisifu.

Alikitazama. Akakaa chini, ndoo bado imejaa.

"Mjukuu wangu," alisema polepole, "leo umemzika mama yangu mara ya pili."

Nililia mpaka kwikwi. Majirani wengine walikuwa wamekwisha kuacha kupika, chachu zao zimekufa zamani. Imebaki nyumba moja tu, ya mke wa karani. Nikachukua bakuli, nikaenda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ehe, leo watu wa mchele mmepotea njia?"

Nikamweleza. Alinifuta machozi kwa ncha ya kanga yake, lakini bakuli hakulipokea. "Mwambie bibi yako aje mwenyewe."

Nilidhani Bibi hatakwenda. Alizunguka uani, akajifunga kanga, akaifungua, akajifunga tena. Kisha akatoka, nami nyuma yake.

"Hodi. Nimemfuata mwanangu."

"Karibu, bibi. Ila amekuwa mkubwa, na ulezi hataki kuacha."

Bibi alichovya kidole kwenye ile chachu ya hudhurungi, akaonja, akafumba macho. "Ni yeye," alisema. Hapo akacheka, mwenzake akacheka, nami nikacheka na kamasi zangu.

Futari za mwanzo vitumbua vyetu vilitoka vyeusivyeusi, wateja wakatania kwamba Bibi kaunguza mfungo. Kadiri alivyozidi kuongeza mchele, vikarudi vyeupe. Ila mie nilikuwa nikiuonja ulezi kwa mbali, na nadhani Bibi pia.

Siku hizi Bibi hayupo, na chungu chake kilikauka baada yake. Karani alihamishwa, mkewe akaondoka na chungu chake, sijui kama kingali hai huko bara. Mie ninapika kwa hamira ya kopo. Inaumua haraka, sina cha kuilaumu. Ikiisha ninanunua nyingine dukani, na mwaka mzima unapita bila jirani hata mmoja kuja mlangoni kwangu na bakuli.