Niling'arisha riale za mama, zikakataa kumtetea

Wakuu, salaam aleikum, na wale wa habari, habari zenu. Mimi ni mzee wa Isiolo, shule niliachia Form Four. Haya yalinipata mwenyewe, sina sababu ya kuyatia chumvi.

Miaka ya sabini ikielekea kuisha, dada yangu Halima alichumbiwa na kijana wa Kinna.

Mama alikuwa na mkufu wa riale, zile sarafu kubwa za fedha zenye picha ya malkia. Aliachiwa na mama yake. Kwetu binti wa kwanza huvishwa mkufu huo siku ya harusi, na mwanamke anayeuuza ni kama amemuuza bibi yake.

Riale zilikuwa nyeusi. Ukizigeuza juani unaona zambarau na buluu, kama shingo ya njiwa.

Sasa, babu yetu alikuwa askari wa mkoloni. Nyumbani kwetu kitu kisichong'aa ni aibu. Hata baada ya babu kufa, kopo la polishi ya kung'arishia buckle ya mkanda wake halikukosekana.

Basi mama alipoenda sokoni, nikataka kumfurahisha. Nikasugua na polishi, mahali pagumu nikaongeza jivu. Zikatoka nyeupe kabisa, na pua ya malkia imelala kidogo. Moja ikakatika kishikizo, nikaiweka kando.

Mama aliporudi alishika mdomo. "Abdi, umefanya nini?"

Sikumwelewa mpaka wageni wa Kinna walipofika. Shangazi wa bwana harusi, Mama Galgalo, aliushika mkufu akaupima kwa mkono.

"Hii ni riale ama vifuniko vya soda?"

"Ni za mama yangu," mama akasema. "Kijana amezisugua tu."

"Fedha ya bibi inakuwa nyeusi, mama Halima. Hii imezaliwa jana kwa fundi."

Nikaingia na kopo langu la polishi kama ushahidi. Akanicheka. "Mtoto atasema nini isipokuwa ya mama yake?"

Harusi ilifanyika. Lakini maneno yalibaki: ule ukame uliopita, mama Halima aliuza riale za kweli akanunua za bandia. Mama alikuwa mtu wa kuimba kwenye sherehe. Akaacha kwenda.

Nikawa dereva wa lori, napeleka mizigo Kinna. Kila nikifika kwa Halima naangalia mkufu kwanza, chai baadaye.

Wakuu, hapo ndipo nilipoanza kushangaa. Kwanza riale zikawa na rangi ya chai ya maziwa. Baadaye nyekundu ya kahawia. Halafu zambarau, pembeni buluu. Lakini ile moja niliyoiweka kwenye chupa ya jam, kifuniko kimekazwa, bado nyeupe! Sarafu za mkufu mmoja, kwa nini zisizeeke pamoja?

Siku moja nilimpa lift mwalimu wa sayansi. Nikamwonyesha ile nyeupe, maana chupa nilitembea nayo kwenye lori, nikamweleza.

Akaniuliza, "Dada yako anaishi wapi?"

"Nyumba wanayopikia kwa kuni, zizi liko nyuma."

"Basi. Moshi, kinyesi, jasho, hata yai, vyote vina salfa. Salfa ikikutana na fedha zinashikana. Ule weusi si uchafu, mzee. Ni tabaka nyembamba sana. Ikianza kunenepa mwanga unacheza ndani yake, ndiyo unaona rangi, kama mafuta ya gari juu ya maji. Ikinenepa zaidi, inakuwa nyeusi."

"Na mimi niliposugua?"

"Hukutoa uchafu. Ulitoa fedha yenyewe."

Nikairudisha chupa chini ya kiti, nikakanyaga mafuta.

Miaka ikapita. Mama akafariki kabla ya mvua. Katika sherehe ya kumpa jina mtoto wa tatu wa Halima, Mama Galgalo, macho yameshachoka, aliuvuta ule mkufu karibu na uso. Akalamba kidole gumba, akasugua. Weusi haukutoka.

"Hii ni ya nani?"

"Ni ile ile, shangazi," Halima akajibu. "Sijawahi kuvaa nyingine."

Akauachia mkufu. Kisha akanigeukia mimi. "Dereva, nipeleke kwa mama yako."

"Mama hayupo tena."

"Najua. Nipeleke."

Nikampandisha kwenye lori mpaka kwetu Kiwanjani. Akakalia kigoda cha mama, akataka majirani waitwe. Walipojaa akasema, "Mlisikia kwangu kwamba aliuza. Hakuuza. Mimi nilikosea."

Kisha akaniangalia. "Na wewe pia."

Kweli. Fedha ilimtetea mama, lakini fedha inasema polepole, na mimi ndiye niliyeinyamazisha.

Funzo langu ni hilo: kitu cha zamani kikiwa cheusi, uliza kwanza weusi umetoka wapi kabla ya kushika polishi.

Wenye sarafu za bibi zao, karibuni hapa chini. Zenu zimefika rangi gani, na zinakaa wapi? Wanakemia, nisahihisheni nilipokosea.

Ile ya kwenye chupa niliitoa wiki ile ile ya Mama Galgalo, nikaifunga uzi, nikaitundika juu ya jiko la kuni.