Niliuza Waridi Lililopuliziwa Marashi Yangu

Mimi huyu mnayemsoma niliwahi kupulizia ua marashi, kisha nikaliuza.

Ukitaka kucheka, cheka. Mimi nimeshindwa.

Naitwa Amondi, nauza miche kando ya barabara hapa Kariobangi. Machi mwaka huu alikuja mama mmoja wa buibui, Bi Zaitun, anakaa Baba Dogo. Alitaka waridi linalonukia, la kupanda karibu na ukuta.

"La nani, mathe?" nikamuuliza.

"La mzee wangu, Idarusi. Sukari imemla macho, mwanangu. Anashinda kitini uani. Hana tena cha kutazama, basi angalau awe na cha kunusa."

Nilikuwa na aina mbili. La kichaka, jekundu, fupi, linanukia mpaka nyuki wanapigana. Na la kutambaa ukutani, refu, maua ya pinki kibao, harufu sufuri. Hilo refu bei yake ilikuwa mara tatu, na lilikuwa limenikalia miezi mitano.

Alinusa la kichaka, akatabasamu, kisha akasita.

"Hili fupi. Na mgongo ule atainama vipi? Hilo refu je?"

Ningemwambia tu apande kichaka kwenye debe, debe juu ya stuli, kazi kwisha. Shetani akaniwahi.

"Hilo ndio lenyewe, mathe! Ngoja lipigwe na jua kidogo, utasikia hiyo harufu."

Alipogeuka kuita boda boda, nikatoa kwenye mkoba kachupa kangu ka marashi ka kwenda kanisani. Pss, pss, pss.

Akarudi, akanusa, akafumba macho. "Mashallah."

Alilipa bila hata kuomba nimpunguzie. Nilijiona mjanja sana siku hiyo, nikanunua kuku.

Lakini kuanzia hapo, kila buibui likipita moyo wangu unaruka.

Wiki tatu baadaye nikamwona anakuja. Nikachuchumaa nyuma ya magunia ya samadi, mtu mzima mimi!

"Amondi, toka. Nimekiona kilemba chako."

Nikatoka nikijitetea. "Mathe, hiyo ni baridi tu. Likizoea mchanga harufu itarudi, nakuapia..."

"Nyamaza, mwanangu. Sikuja kugomba. Nataka jina la yale marashi."



Akanieleza. Siku ile alipofika na ua, mzee aliinua uso, akanusa, akalia. Akasema hivyo ndivyo kibaraza cha marehemu mamake kilivyokuwa kikinukia. Kesho yake harufu ikawa imekwisha. Bi Zaitun akajua papo hapo nilichofanya, lakini mzee alikuwa ameketi anaulizia ua lake. Akalipulizia marashi yake mwenyewe.

"Zaitun," mzee akasema, "mbona ua limebadilika?"

Tangu hapo amejaribu chupa nne. Zote mzee amezikataa.

Nilisikia aibu. "Mama, nisamehe. Leo hii nakuletea kile kichaka bure. Nitakipanda mwenyewe."

Akatikisa kichwa. "Ukileta la kweli litanukia vingine. Atauliza, la kwanza lilikuwa nini? Miaka thelathini na tisa nimeishi naye sijawahi kumdanganya. Sasa namdanganya kila nikimaliza kuswali alfajiri, na udhu wangu mwilini."

Hakunitukana. Heri angenitukana.

Nikampa kale kachupa. Akakaficha ndani ya buibui, akaenda zake.

Bado huja kila mwezi, nami humnunulia kengine. Husema, "Ahsante, mwanangu," na hiyo ahsante inanichoma kuliko matusi ya soko zima.

Wadau wangu, ukimdanganya mteja usidhani uongo unaisha akishalipa. Anakwenda nao nyumbani, na huko mtu asiye na hatia ndiye atakayeulea.