Mipaka ya Shamba la Winfrida

Ukungu wa huku Mgeta ni mzito. Mwaka fulani nilianika khanga juu yake, ikakauka kabla ukungu wenyewe haujapita. Asiyeamini hilo aliache, lakini haya ya Winfrida ayaamini, maana nilikuwepo.

Winfrida ni mtoto wa marehemu mdogo wangu. Kwetu Waluguru shamba hufuata upande wa mama, kwa hiyo mama yake alipofariki, kipande cha mteremko chenye kabichi na karoti kikawa chake. Kifafa anacho tangu utotoni. Akinywa dawa zake hukaa miezi bila kuanguka, na kichwa kilikuwa kikali: malori ya mboga aliyajua kwa mlio kabla hayajapinda kona.

Mwaka juzi, kwenye msiba wa jirani, alianguka jikoni, mkono ukaingia motoni. Tulikuwa wanawake saba mle ndani. Tumekua tukiambiwa kwamba ukimgusa mtu wa kifafa anapotoka povu, nawe kinakuingia. Tukatoka mbio, mimi mbele, kwa magoti haya haya ninayoyalalamikia kila siku. Aliyemvuta ni mpita njia.

Mkono ukapona, mwenyewe akabadilika. Anaanza neno, analiachia njiani. Anatia chumvi mara mbili. Mfuniko ukidondoka, anaruka. Nikamshuku: huyu anajifanya, anataka tuone haya. Nikamtegea. Nikamwambia Jumapili hii hakuna misa. Akaenda vilevile! Nikasema ehee, anakumbuka anachotaka.

Lakini kaka yangu Fidelis akaanza maneno. "Dada, asiyekumbuka alichopika atakumbukaje shamba? Apewe mwingine wa ukoo."

"Mwingine nani?"

"Yeyote aliye karibu."

Aliye karibu ni yeye, shamba lake limepakana na lile. Nikawa namtazama kama ninavyomtazama paka aliyekaa jirani na dagaa.

Kisha akaja Shakila, muuguzi anayepanda kutoka mjini kila mwezi na dawa. Shikamoo yake nzuri, ila makaratasi yake sikuyapenda. Alimsomea Winfrida maneno kumi, wakapiga soga kidogo, halafu akamtaka ayarudishe. Winfrida akarudisha mawili.

"Na yale manane umeyapeleka wapi?" nikamuuliza Shakila.

"Mama, mimi sijachukua kitu."

Sikumwamini, nikakaa kumchunga. Walikuwa jikoni kwa sababu ya baridi, na katika kuchunga kwangu nikaona macho ya Winfrida hayabanduki motoni. Hata alipojibu alikuwa anajibu moto.

"Mtoe nje," nikasema.

Nje, juu ya jiwe, akasomewa maneno kumi mengine. Akarudisha saba. Nami nikajaribiwa, nikapata manne, ila yangu hayakuwa maneno mazuri.

Shakila akasema, "Kifafa chenyewe kinaweza kupunguza kumbukumbu, mama. Lakini na hofu ya siku ile bado imo ndani yake. Akiwa karibu na moto, akili yote inakaa lindo, haibaki ya kushika maneno. Tutamsaidia kwa vyote viwili, itachukua muda. Na povu halimwambukizi mtu."

Hilo la mwisho alilisema akinitazama mimi. Sijui nani alimpelekea umbea.

Wiki iliyofuata Fidelis akaita kikao cha ukoo nyumbani kwake, jikoni, na moto umekokwa kana kwamba anachoma ng'ombe mzima.

"Baridi, dada," akasema kabla sijamuuliza.

Akamgeukia Winfrida. "Mwanangu, tutajie mipaka ya shamba lako. Ukitaja, ni lako. Ukishindwa, tusilaumiane."

Winfrida akafungua mdomo. Macho motoni. Akaanza neno, akaliachia njiani. Wazee wakaanza kutikisa vichwa.

Nikasimama. "Kikao kinahamia shambani."

"Kwenye mvua hii?"

"Kwani wewe ni chumvi?"

Wakacheka, wakainuka. Kwenye njia ya utelezi nilimshika Winfrida ule mkono wenye kovu.

Shambani akasimama, akapumua, akaanza taratibu. "Juu ni hili jiwe. Kulia ni masale aliyopanda mama, yako sita." Wazee wakahesabu mimea ile ya mpakani, ikawa sita. Upande wa kijito akakwama. "Huku sikumbuki. Nionesheni." Fidelis akatabasamu. Mzee mmoja akamwonesha, akashukuru, tukaenda upande wa mwisho, wa chini, unaopakana na mjomba wake.

Hapo akakaa sana. Akayapita matuta yake akiyagusa kwa mguu, akarudi, akayapita tena.

"Matuta yangu upande huu ni kumi na moja. Haya ni tisa. Masale yamesogea."

"Mvua hiyo," akasema Fidelis. "Mvua inasogeza udongo."

"Mvua ya kwako inapandisha mlima?" nikauliza. "Na mizizi inaifukia yenyewe, kwa mstari?"

Wazee wakayang'oa masale pale pale, wakayarudisha matuta mawili chini, wakasema shamba ni la Winfrida.

"Sawa," Fidelis akasema, akijikung'uta matope. "Lakini mwakani tutamuuliza tena. Kichwa kile hakiaminiki."

"Niulize, mjomba," Winfrida akamjibu. "Ila uje hapa hapa, na jembe uliache nyumbani."