Punje Katika Tundu la Saba

Chai ya maziwa siinywi. Nikikaribishwa mahali nasema tumbo langu halielewani nayo, lakini huo ni uongo, tumbo langu halina neno. Tatizo ni ile rangi, na ule utando unaojikunja juu mtu anapokoroga. Nikiuona tu, siko tena sebuleni kwa watu. Niko Chitete, nina miaka tisa, mvua inapiga turubai uani kwetu, na baba amechomoa kijiti cha kupimia oili kwenye injini ya pikapu yetu, amekiinua mbele ya macho yake. Oili ilikuwa chai ya maziwa tupu. Hata utando ulikuwepo.

"Maji yameingia kwenye oili," baba akasema. "Gasketi ya hedi imekwisha."

Kwa msiojua magari, na mimi nisingejua kama si mambo ya wiki ile, injini ina mwili na ina kichwa, ndiyo hedi, na katikati yao inalazwa gasketi, bamba jembamba lenye matundu, linalozuia maji na oili visikutane. Likiungua, basi tena.

Mama alikuwa amesimama mlangoni, mkono mmoja kiunoni, tumbo limetangulia. Alikuwa na mimba ya miezi minane. Hakuuliza gasketi ni kitu gani. Aliuliza, "Kwa hiyo hatuendi?"

Asubuhi ile mama mdogo alikuwa amepiga simu kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, Zambia, alikoolewa na alikokuwa anamuuguza bibi, mama yao. Mama mdogo alizoea kuanza simu zake kwa salamu ya Kibemba, "Mulishani mukwai," na kicheko kirefu, kututania sisi wa upande wa huku. Siku hiyo hakusalimia. Alisema bibi ameacha kula, na kila mlango ukilia anauliza kama ni mama ameingia.

Sasa sikilizeni tulivyokuwa tumefungiwa. Basi dogo la Tunduma, mji wa mpakani upande wetu, lilikuwa limeacha kuja tangu kalavati liondoke na maji. Gari la ofisini kwa baba lilikuwa safarini. Pikipiki zilipita, lakini nesi wa kliniki alimwambia mama wazi kwamba akipanda pikipiki kwenye yale mashimo atajifungulia njiani. Ilibaki pikapu yetu, iliyokuwa inajua kupita pembeni ya kalavati, majini kabisa, na yenyewe ndiyo hiyo imekufa uani.

"Mwite fundi," mama akasema.

"Fundi wa nini? Bolti kumi tu hizi."

Baba yangu alikuwa karani. Lakini mikono yake haikukubali kuwa ya karani. Alishatengeneza redio, cherehani ya mama, baiskeli za nusu ya mtaa, na saa ya ukutani ya kanisani, ambayo tangu aiguse ilikuwa inamaliza ibada nusu saa kabla ya wakati na hakuna muumini aliyelalamika. Alimpigia rafiki yake fundi aliyekuwa Tunduma. Yule fundi akasema atakuja mwenyewe na pikipiki, kesho yake. Baba akakataa. Akaomba aelekezwe kwa simu, akawa anaandika maelezo kwenye daftari langu la zamani la hesabu, mama akimwangalia bila kupepesa. Hilo la kukataa fundi mlikumbuke, maana mama hakulisahau.

Alifungua kwa siku moja na nusu. Kila bolti aliyoitoa aliichomeka kwenye kifuniko cha boksi nilichokitoboa mimi na kukiandika namba, moja hadi kumi, kwa mwandiko wangu wa darasa la tatu. Nilijiona mtu muhimu sana. Kisha akaifunga hedi kwenye kitenge cha zamani cha mama, akaifunga tena kwa mpira nyuma ya pikipiki ya kukodi, aende nayo Tunduma ikasawazishwe uso mashineni na anunue gasketi mpya.

Mama alitoka kuiangalia inavyoondoka. "Kumbe," akasema, "chuma kinaruhusiwa kupanda pikipiki kuelekea kwa mama yangu, mimi nabaki." Akacheka kidogo, halafu akakaa kwenye kizingiti akalia. Sikuwa nimewahi kumwona mama akilia mchana.

Baba alituachia amri mbili, mimi na mdogo wangu Yona aliyekuwa na miaka sita. Ya kwanza, tusitoke uani, tuwe karibu mama akiita. Ya pili, tusiiguse injini. Alikuwa ameziba silinda nne, yale matundu makubwa ya katikati, kwa vitambaa safi, akafunika yote kwa shuka.

Mvua ikanyesha siku mbili mfululizo. Mto ukasikika hadi nyumbani. Ndani giza, mama amelala ameshika simu kifuani, moshi wa jikoni umegoma kutoka, na ukifungua mdomo kucheka unaambiwa "Shhh, mama amepumzika." Mahali pekee pa mtoto kukaa pakavu nje ya nyumba ile palikuwa chini ya turubai. Na chini ya turubai palikuwa na pikapu, boneti liko juu.

Nilipanda juu ya kreti la soda nikachungulia chini ya shuka. Naapa nilitaka kuchungulia tu. Lakini jamani, injini isiyo na hedi mmewahi kuiona? Upande huu matundu matano ya bolti, upande ule matano, yamepangana sawasawa. Kwetu watoto wote tulicheza solo, tunachimba vishimo mistari miwili ardhini na kugawa punje za mahindi. Ardhi ilikuwa matope. Na hapa mtu ametuchimbia vishimo vya chuma!

"Yona," nikamwita, "lete mahindi."

Matundu yalikuwa membamba, kwa hiyo tulichagua punje kubwa, zile bapa, tukazilaza mdomoni mwa tundu zisizame. Tukatunga sheria zetu. Tulicheza mchana kutwa, na nawaambia ukweli, nilikuwa na furaha, nikasahau kabisa kwamba kuna bibi anayesikiliza mlango. Mpaka Yona, aliyekuwa anashindwa, alipoweka kidole juu ya punje yangu na kuisukuma. Ikageuka ubavu, ikazama.

Lilikuwa tundu la saba. Nilijua kwa kuwa namba niliziandika mimi. Nilichomoa kijiti kwenye ufagio nikaingiza ili niitoe, na kadiri nilivyoichokoa ndivyo ilivyokwenda chini, hadi ikakwama kabisa. Yona aliisukuma kwa kidole. Aliyeishindilia ni mimi.

Nikamwambia Yona akisema atachapwa. Kwa mtoto wa miaka sita hiyo inatosha, na hadi anakua alishasahau. Kwa wa tisa haitoshi, kwa sababu yeye anajua alichofanya.

Baba alirudi amelowa hadi shingoni, anacheka, hedi inang'aa kama sufuria ya harusi, na gasketi mpya ameivaa kifuani ndani ya shati isipinde. Alikuwa ameazima ile spana ndefu inayopima ukazo, ambayo bolti ikishakaza vya kutosha inalia "ta!" Akaniita niwe karibu nimsomee daftari. Anza bolti za katikati, malizia za pembeni. Tatu, ta! Nane, ta! Nilisoma bila kuinua macho. Alipoanza kuizungusha ya saba, spana ililia mapema kuliko zote, bolti imegota kwenye punje kabla ya kuibana hedi.

"Hii imekubali haraka," baba akasema, akaipigapiga kwa kiganja.

Mdomo nilikuwa nao. Neno nilikuwa nalo. Lakini niliona mama amesimama mlangoni amevaa gauni lake la safari, begi liko miguuni, uso wake una tumaini kwa mara ya kwanza wiki ile. Nikajisemea labda punje moja si kitu, chuma kina nguvu kuliko hindi. Nikasoma bolti iliyofuata.

Injini iliwaka. Wee! Majirani walitoka kupiga makofi. Baba alicheza pale pale kwenye matope, na mama alimshika shavu mbele ya watu, jambo ambalo kwetu halifanyiki.

Tuliondoka kesho yake asubuhi, wote wanne kwenye kiti cha mbele. Vioo tulivifunga kwa sababu ya mvua. Tulipita maji ya kalavati salama, tukaanza kupandisha. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye mshale wa joto. Ulikaa chini muda mrefu, hata nikaanza kumshukuru Mungu. Halafu ukasogea. Baba aliuona baada yangu. Aliacha kuimba. Ukasogea tena, na moshi mweupe ukaanza kutufuata, na juu ya mlima, pasipo na nyumba, gari likachemka na kuzima.

Tulikaa mle ndani sijui muda gani. Kutoka haiwezekani, mvua ilikuwa inamwagwa. Mvuke wenye harufu tamu uliingia miguuni. Goti la Yona lilikuwa tumboni mwangu, pumzi za mama zilikuwa nzito sikioni, na mimi nimebanwa katikati na neno langu. Ndipo simu ya mama ikaita. Baba aliitazama, akatazama kioo. Mama alipokea, akasikiliza. Aliishusha simu kwenye mapaja taratibu.

"Ameuliza mlango mpaka mwisho," akasema.

Kisha akamgeukia baba. "Ulisema unaweza. Fundi alitaka kuja, ukamkataa. Ulisema bolti kumi tu."

"Nimekosea," baba akasema.

"Hukumwua wewe. Lakini umeniibia kumwona."

Trekta ndilo lililotuvuta kuturudisha. Mama alifika Nakonde baada ya wiki, mvua ilipopumzika, akaonyeshwa kaburi. Mdogo wetu alizaliwa muda mfupi baadaye, akapewa jina la bibi, Eliza. Na mama hakuongea na baba zaidi ya "chakula tayari" na "maji yameisha" mpaka Eliza alipoanza kutembea akishika kuta. Nyumba ile ilikuwa na vyumba vitatu lakini hapakuwa na pa kukimbilia. Nilijua neno moja lingemtoa baba kifungoni, na lingeniingiza mimi. Kila siku nilichagua. Niseme aibu yangu yote? Nilishukuru kwamba baba ni fundi mbovu.

Jambo moja sikulielewa wakati ule. Baba alifungua ile injini mara ya pili, peke yake, mimi nikimwangalia kupitia dirisha la jikoni huku najifanya napepeta mchele. Alipofika kwenye tundu fulani aliingiza bisibisi, akatoa kitu kwenye ncha, akakisaga kwa vidole, akanusa. Akageuka kutazama dirishani. Nikainama kwenye ungo. Jioni nikamsikia anamwambia mama, "Kosa langu. Sikukaza sawasawa." Nikadhani hakuona kitu.

Krismasi iliyopita tulikusanyika nyumbani. Mama aliwasimulia wakwe zangu, kama anavyowasimulia wote, hadithi ya mume aliyekataa fundi. Siku hizi anaisimulia kwa kicheko, na baba hucheka naye akitazama miguu yake. Safari hii nilishindwa kukaa. Nikamfuata baba uani, alikokuwa anafuta kioo cha pikapu ile ile ambayo hadi leo inatembea.

"Baba, lile gari, wakati ule wa bibi..."

"La saba," baba akasema, bila kuacha kufuta. "Nilikuta unga."

Nikakaa kwenye bampa. Nikamuuliza kwa nini hakusema, miaka yote hii, mama anamtangaza kwa kila mgeni.

"Ulikuwa na miaka tisa. Na fundi nilimkataa mimi kweli. Hindi lilikuwa lako, lakini uongo wangu haukuwa mkubwa."

"Leo naenda kumwambia."

Hapo ndipo alipoacha kufuta. "Neema, mwanangu. Mama yako amenisamehe mimi. Unajua imemchukua muda gani? Ukimwambia leo, aanze upya na wewe. Niachie, nimeshazoea."

Mama akatuita kutoka ndani, chai imeiva. Tulipoingia nikaona ni ya maziwa, na baba alishapokea kikombe chake. Akaninong'oneza nifute uso, mama asije akauliza maswali. Nikachukua changu, nikainywa yote, na utando wake, mama akinishangaa.

Kwa hiyo nimewaambia ninyi. Mkikutana na mama yangu akawasimulia habari za bolti kumi, chekeni. Sisi tuliomo ndani ya siri hii ni wawili, na mimi miaka yote nilidhani niko peke yangu.