Bao Lisilohesabiwa

Muthokoi ulipochemka jikoni shuleni siku ya Jumamosi, harufu ya mahindi na maharagwe ikateremka mpaka kwenye mashamba ya machungwa, kila mtoto wa Kilungu alijua kuna mechi ya kirafiki. Mechi za mashindano hazikupikiwa chochote. Ulishinda au ukalia, ukaenda zako. Ya kirafiki ilipikiwa, na wageni ndio waliopakuliwa kwanza. Mimi, nikiwa darasa la sita, jina hilo lilinitatiza ajabu. Urafiki gani huo wa kupigana mateke mpaka mtu achechemee wiki nzima? Nilimuuliza baba, akaniambia lilianza zamani, vijiji vilipogombania maji ya mto kisha vikacheza ili kupatana. Mwalimu Musyoka wa michezo alicheka aliposikia hayo, akasema ni Kiingereza tu kilichotafsiriwa na watangazaji wa redio, na kwamba maana yake ni kujipima nguvu, mabao hayahesabiwi. Mama, ambaye hakuwahi kutazama mpira, alisema ni kwa sababu ya muthokoi. Kila mmoja alisema kama anayejua kabisa, nami nikabaki pale pale.

Mwaka huo dada yangu Mwende alikuwa darasa la nane, mwaka wake wa mwisho, na alitaka kitu kimoja tu: kuwa kipa wa timu ya wasichana itakayokwenda mashindano ya wilaya. Aliigombania nafasi hiyo na msichana aitwaye Kalondu, na Mwalimu alikuwa amesema ataamua baada ya mechi ya kirafiki na shule moja ya mji wa Sultan Hamud. Siku yenyewe akamweka Mwende langoni. Wageni walipanda milima yetu kwa lori, na zile kona zikamtapisha mmoja wao hata asiweze kusimama. Kwetu mgeni akipungukiwa mchezaji huazimwa wa mwenyeji, na aliyeazimwa akicheza kwa uvivu ameiaibisha shule nzima. Mwalimu akawaazima mimi. Nikavaa jezi ya yule mgonjwa, ingali na jasho lake, nikamtazama dada yangu kule langoni, nikaogopa.

Mechi ilikuwa inaelekea kwisha, bila kwa bila, mpira uliponiangukia miguuni na mbele yangu hakuna mtu ila Mwende. Nikasita. Nilikuwa wa nani saa hiyo? Nikipiga namharibia dada, nisipopiga naiaibisha shule, na Mwalimu alikuwa amesema mabao hayahesabiwi.

"Mutheu, piga," akasema, kwa sauti ya mtu anayekutuma maji.

Nikapiga. Mpira ukapita chini ya mkono wake. Wageni wakanibeba, wa kwetu nao wakanipigia makofi, na Mwende akaja kunikumbatia, akasema si kitu, halihesabiwi. Muthokoi niliumeza bila kujua kama nicheke au nilie. Jumatatu majina yakasomwa paredini: Kalondu langoni, na mimi, mtoto wa darasa la sita, mshambuliaji. Nilifurahi, tena nilifurahi sana, na wakati huo huo nikamwonea dada uchungu. Jamani, kama bao halihesabiwi, lilinipelekaje mimi kwenye mashindano na kumwacha Mwende nyumbani? Nilimuuliza Mwalimu, akasema nitaelewa nikikua. Nimekua, nina watoto, na bado sijaelewa.

Mwende sasa ana duka la ushonaji Sultan Hamud, na hajawahi kunilaumu hata kwa mzaha. Binti yangu anachezea uwanja ule ule. Siku hizi wageni huja na basi la shule, hupewa soda na mkate, na timu ikipungukiwa hucheza pungufu. Habari ya kuazimana wachezaji haipo tena. Mabao yote yanarekodiwa kwenye simu za wazazi. Mwezi uliopita tulisimama kando ya uwanja, mimi na Mwende, na wakati wa mapumziko binti yangu akamkimbilia mamake mkubwa kumuuliza kama mabao ya kirafiki yanahesabiwa.

"Hayahesabiwi, mama," Mwende akamjibu.

Mtoto akamuuliza tena, ni kweli mimi niliwahi kumfunga yeye hapa? Nikadakia mimi, nikasema ni kweli, kwa mguu wa kulia.

"Wa kushoto," akasema Mwende, macho yake yakiwa bado langoni.