Ganda la Risasi Kaburini kwa Mpagazi

Nimechoka na hadithi za rupia ambazo eti Mjerumani alizifukia alipokimbia vita. Huku kwetu Tabora kila alama ni ramani ya hazina: jiwe lenye mkwaruzo, mti wenye msumari, na sasa hata maganda ya risasi ninayookota kwa mashine ya kutafutia vyuma, kandokando ya njia ya zamani ya misafara. Nilimweleza mjomba mpaka mate yakanikauka. Tarakimu kwenye kitako cha ganda ni mwezi na mwaka wa kutengenezwa. Herufi ni za kiwanda. Ganda hili nene, lenye ukingo kitakoni, ni la bunduki kuukuu ya baruti ya moshi waliyopewa askari wa Mjerumani.

"Mpwa wangu, usomi umekupofusha," alisema. "Mzungu haachi namba zake bure kwenye kaburi la mpagazi."

Ganda hilo nililiokota karibu na kaburi la babu yake, aliyechukuliwa kwa nguvu kubeba mizigo ya vita. Wenzake walirudi wakasema homa ilimwua njiani, wakamzika hapo. Kila mvua zikikaribia, mjomba ndiye humpelekea unga na maji, akimwita kwa heshima zote. Jumamosi niliporudi pale kaburini nilimkuta mjomba huyohuyo shimoni na sululu, mifupa ya babu yake kairundika kwenye mfuko wa mbolea.

Kwa hasira sikumpa hata shikamoo.

"Pitisha mashine," aliniamuru.

Niliipitisha nikiomba ikae kimya, aaibike. Ikalia. Mjomba akapiga magoti, akachakura kwa vidole huku akishangilia.

Ilikuwa risasi, nzito, imebonyea ncha, katikati ya mbavu zilizobaki. Nilitoa ganda mfukoni. Kitako cha risasi kikaingia mdomoni mwa ganda bila shida. Homa gani! Alipigwa na askari wa msafara wake mwenyewe, na wenzake wakaogopa kusema. Mzigo wao abebe, risasi yao apigwe, na leo mjukuu wake anamfukua kama kiazi.

Nilimweleza mjomba yote hayo. Akaitazama ile risasi, akautazama mfuko wa mifupa. Nilidhani atalia.

"Kumbe walimwua ili asiseme," alinong'ona. "Basi rupia zipo kweli."

Nilimnyang'anya sululu, nikaanza kumrudisha babu yake kaburini kwa mikono yangu.